Pikipiki Haikumgusa Mume Wangu

KITUO CHA POLISI: MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Taarifa ya simu kwamba binti amemgonga baba yake mzazi kwa pikipiki, kwa makusudi, mteremko wa sokoni
Shahidi: Mama Pindo (ameomba iandikwe hivyo, kwa kuwa anayemtafuta kwa jina jingine hatampata)
Umri: Miaka 57
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba za nyuma ya soko, mlango wa bluu
Uhusiano na wahusika: Mke wa aliyegongwa na mama wa anayedaiwa kugonga
Tarehe: 12 mwezi wa nne, saa nane na nusu mchana

Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema kweli tupu na nisitie chumvi. Nimekubali. Afande anayeandika ameniomba pia nisicheke ninapoeleza, na hilo nimemwambia nitajitahidi.

Kabla ya yote naomba iandikwe juu kabisa: pikipiki haikumgusa mume wangu. Kilichomgonga ni binti yetu mwenyewe, kwa miguu yake miwili, akiwa amekaa chini kwa makalio na anateleza. Najua simu iliyopigwa hapa ilisema vingine. Jirani yetu wa ghorofani ndiye aliyeipiga, na simlaumu, kwa sababu kwa mtu aliyekuwa anachungulia dirishani kule juu jambo lenyewe lilionekana baya. Lakini nimeambiwa binti yuko mahabusu na huenda akashtakiwa kwa kumjeruhi baba yake kwa kusudi. Kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, mtu asije akafungwa kwa kosa la kuteleza.

Mume wangu watu wanamwita Fundi Chonga. Kazi yake ni kuchonga matairi yaliyokwisha. Mtu analeta tairi la pikipiki lililobaki kipara, yeye anapasha kisu moto, anakaa kwenye kigoda chake, na kabla sijamaliza kupindisha suruali moja tairi lina mifereji mipya iliyonyooka, pembeni ameongeza na maua. Mimi nimetarizi mashuka ya maharusi maisha yangu yote, na mkono kama ule sina. Binti yetu, ambaye wateja humwita Dada Tairi, alijifunzia kazi miguuni pa baba yake. Walikuwa chanda na pete. Ukimwita mmoja wanaitika wawili.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, binti aliweka kisu chini. Alimwambia baba yake kwamba tairi lililokwisha halina nyama, na mfereji anaouchonga anauchonga kwenye kile kidogo kilichobaki, na chini ya hapo ni nyuzi. Likisimama linapendeza. Likikutana na maji kwenye kona halishiki barabara hata kidogo. Alisema, "Baba, tuchonge ya mikokoteni, tuchonge ya matoroli. Ya watu wanaobeba watu mimi sichongi tena." Mume wangu alijibu, "Basi katafute fundi mwingine akufundishe." Hakupaza sauti. Angepaza sauti yangeisha siku ileile, namjua.

Binti alivuka barabara, akafungua kibanda chake cha matairi mapya mkabala kabisa na baba yake. Cherehani yangu iko kwenye baraza iliyo mwisho wa barabara hiyo, kati yao. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Mimi ndiye niliyekuwa posta. "Mama, mwambie mzee kisu chake kiko juani, mpini utapasuka." Nageuka: "Mzee, kisu chako kiko juani." "Mwambie huyo mwenye duka nimesikia." Nageuka tena. Na hao wawili wako karibu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake anafungua mdomo aseme pole halafu anaumeza. Nimekaa hivyo mwaka mzima, afande, nikigeuza shingo kama feni.

Afande ameniuliza binti anajua nini kuhusu matairi, kwa sababu inadaiwa alishuka mteremko kwa uzembe. Najibu kwamba anajua sana, na ndiyo maana kilichotokea kinachekesha. Wateja wake wengi wanakuja na macho, hawaji na akili. Kuna kijana anayesambaza mikate, kutwa yuko kwenye lami, alikuja anataka tairi lenye meno makubwa kwa sababu linatisha. Binti alikataa kumuuzia. Alimwambia, "Kaka, meno haya ni ya matope. Kwenye lami utakuwa umesimama kwenye ncha zake tu, kama umevaa viatu vya kuchezea mpira, vile vyenye meno, kwenye sakafu ya vigae." Akambonyezea ukucha kwenye tairi lenye mifereji ya kutoa maji, amuonyeshe lilivyo laini, akaligeuza ubavu amsomee tarakimu za mwaka lilipotengenezwa, kwamba tairi nalo huzeeka likiwa limekaa rafu, hata kama halijaona barabara. Na kila mteja, awe mkubwa awe mdogo, humuaga kwa maneno yaleyale: siku za mwanzo nenda taratibu, usilaze pikipiki kwenye kona, usifunge breki ghafla, kwa sababu tairi jipya linatoka na utelezi wa kiwandani mpaka barabara ilisugue. Maneno hayo nimeyasikia mpaka naweza kuyatarizi.

Wosia mwingine ulinihusu mimi. Binti alinikataza kupanda nyuma ya baba yake mpaka abadilishe matairi. Mume wangu anaendesha pikipiki yenye matairi aliyoyachonga mwenyewe, hilo kila mtu analijua. Nikaacha kupanda. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia nanyoosha miguu. Alinielewa vizuri sana, maana hakuuliza tena. Tangu hapo tukawa tunarudi nyumbani hivi: mimi natembea ukingoni mwa barabara na kikapu changu, na yeye anaendesha pembeni yangu polepole, injini inakohoa, anapitwa hata na watoto wa shule. Watu walitucheka mwanzoni, kisha wakatuzoea.

Wiki iliyopita madereva walikuwa wanabishana mbele ya baraza yangu, nusu wako upande wa baba, nusu upande wa binti. Binti aliniambia, kwa sauti ya kutosha kusikika ng'ambo ya pili, "Mama, mwambie mzee tushuke mteremko wa sokoni siku ya mvua, mimi na yeye, tufunge breki kwenye mstari mmoja. Mimi nikipitiliza nafunga kibanda, narudi kuchonga. Yeye akipitiliza, asichonge tena tairi la pikipiki linalobeba mtu." Sikupata hata nafasi ya kugeuka. Mume wangu alisema, "Mwambie nimekubali."

Wengine walishangilia. Mimi sikushangilia. Mteremko ule ni wa zege, umesuguliwa na miguu ya watu mpaka umekuwa laini, na chini yake kuna mtaro mpana. Nilijua pia kwamba yeyote atakayeshindwa atanuna, na mnuno wenyewe utalala nyumbani kwangu. Mume wangu yuko tayari kufa na tai shingoni, na binti huyo amemzaa yeye, hakuokotwa. Usiku ule nililala macho.

Leo tarehe 12 mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika, mnamo saa tano, watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za mteremko, wauza nguo wamepanda juu ya meza zao. Mstari niliuchora mimi, kwa chaki yangu ya kukatia vitambaa. Maji yakaufuta. Nikatandaza utepe mwekundu badala yake, nikaukandamiza kwa pasi upande huu na mkasi upande ule. Kama kuna kosa la kuweka kizuizi barabarani, kosa hilo ni langu, na pasi yangu naomba nirudishiwe.

Nilimkuta mume wangu chini ya mteremko anapanga matairi yake mabovu kando ya mtaro, moja juu ya jingine, ukuta mzima. Nilijua alianza kazi hiyo mapema, kwa sababu shati lilikuwa limelowa lote. Nilimwuliza ya nini. Akasema, "Mapambo." Pikipiki yake alikuwa ameiegesha pale pale, imejaa matope mpaka kwenye spoki, jambo ambalo si kawaida yake, maana yeye huifuta hata vumbi. Sikulifikiria hilo kwa wakati ule.

Binti ndiye aliyeanza. Alitoka juu amevaa kofia yake ngumu na koti la mvua, ameketi wima, na matairi yake yanang'aa. Yalikuwa mapya kabisa, ameyafunga asubuhi ile ile ili watu wayaone, bado yana vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani. Naapa niliviona vile vinyweleo. Kitu kilinigusa kichwani kwamba kuna jambo hapa silikumbuki vizuri. Lakini mama mtu anapomwangalia mwanawe anashuka mteremko uliolowa, kichwani hamkai mambo mengi.

Alishuka vizuri. Alikuja mwendo wa wastani, hakukimbia, na hilo liandikwe kwa ajili ya wote wanaosema alikuwa na haraka ya kumgonga mtu. Alipokaribia utepe alifunga breki, na tairi la nyuma likaaga. Likaenda kushoto peke yake kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Pikipiki ikalala, ikateleza ubavu mpaka ikajichomeka kwenye ukuta wa matairi ya baba yake, ikatulia humo bila kuvunjika hata kioo. Binti yeye ikamwacha nyuma. Alikuwa amekaa kwenye zege, miguu mbele, anateleza kuelekea kwenye ule upenyo mdogo ambao ukuta ulikuwa haujafika, yaani mtaroni.

Mume wangu ana goti bovu. Kwenda dukani kuchukua kiberiti hutuma mtu. Leo nilimwona anaruka. Alijitupa kwenye ule upenyo akiwa amefungua mikono, binti akampiga miguu miwili kwenye mapaja, wakaanguka wote wawili chali, matairi ya juu yakawaporomokea. Roho ilinitoka. Niliteremka kutoka pale kwenye utepe nikiwa nimeshika cherehani yangu ya mkono, niliyokuja nayo pamoja na pasi, sijui niliichukua ya nini.

Nilipofika nilisikia maneno haya, na ninaweza kula kiapo. Mume wangu alisema, "Umeumia wapi?" Binti akasema, "Siumwi, baba. Wewe je?" Kisha mume wangu akamtazama, akalitazama lile tairi lililokuwa bado linazunguka hewani na vinyweleo vyake, akasema, "Hukuyasugua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mwaka jana. Sikuyapitisha mimi. Yalitoka kwa baba yakaenda kwa binti moja kwa moja, na mimi nimesimama pale na cherehani mikononi sina kazi.

Binti alijipiga paji la uso. Somo analowaimbia watu kutwa, amelisahau siku yake yeye. Akaanza kucheka. Mume wangu naye akaanza, kidogo kidogo, kama injini inayokataa kuwaka, halafu ikawaka. Mbavu hawana. Naomba hapa nifanye marekebisho kwenye karatasi ya askari waliofika, inayosema mwathirika alikutwa ameshika mbavu kwa maumivu. Alikuwa amezishika kwa kucheka. Kilichoumia ni paja, na nimelikanda.

Sasa nafika kwenye jambo la kushikana ukosi, ambalo jirani wa ghorofani aliliona na ndilo lililomfanya apige simu.

Binti alikuwa bado amelala chali. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea kwenye pikipiki ya baba yake pale ilipoegeshwa, na tairi la mbele liko karibu na pua yake. Kicheko kikakatika. Alinyoosha mkono akafuta yale matope. Akabonyeza ukucha. Akasoma zile tarakimu za ubavuni. Halafu akamgeukia baba yake, akamkamata ukosi kwa mikono yote miwili, akapiga ukelele uliosikika soko zima: "Baba! Hili ni la kwangu!"

Tairi lilikuwa jipya. Si la kuchonga. Ni la aina ambayo hapa mjini anauza yeye peke yake, lenye mifereji ya kutoa maji, na la nyuma hivyo hivyo. Mume wangu alikiri pale pale kwamba alimtuma dereva mmoja akayanunue, zamani tu, miezi imepita. Na kwa kuwa hawezi kuonekana na tairi zima, alikaa usiku akalichonga maua pembeni, ili watu waseme ni kazi ya mkono wake. Tairi jipya, afande, la dukani, amelichonga maua! Na leo asubuhi akaongeza matope. Alikuwa anakwenda kumshinda binti yake kwa matairi ya binti yake, yaliyokwisha kusuguliwa na barabara miezi mingi, yakashika kweli kweli.

Binti alikuwa anamtikisa na kupiga kelele, "Umelichonga tairi jipya, baba! Tairi jipya linachongwa?" Mume wangu alijaribu kujikaza, akashindwa, akanyoosha mikono juu. Ndivyo jirani alivyomwona, na ndiyo maana akadhani anaomba huruma. Binti akamwuliza, "Kwa nini usije mwenyewe?" Mume wangu alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Alisema, "Mama yako alikuwa anatembea kwa miguu."

Naomba nipumzike kidogo hapa.

Naendelea. Nilifurahi na nilikasirika kwa wakati mmoja. Alinunua matairi mazima ili mimi nipande, kisha akaona aibu kuniambia ni mazima, na mimi nikaendelea kutembea. Miezi yote hiyo natembea na kikapu, pembeni yangu kuna pikipiki yenye matairi mazuri kuliko yote mtaani, na mwenye nayo anasubiri nipande bila yeye kusema kitu. Nilimpa vidonge vyake pale pale, mbele ya watu. Maneno yenyewe sitaki yaandikwe. Halafu nilikaa juu ya tairi bovu nikalia, na wanawake wa sokoni walipoona nalia huku nacheka wakapiga vigelegele. Hizo ndizo "kelele za fujo" zilizotajwa kwenye simu.

Askari wawili walifika wakati huo. Walikuta mzee kalala kwenye matope, binti kamkamata ukosi, mke analia, na soko zima linapiga kelele. Hata ningekuwa mimi ningewakamata. Waliwauliza nini kimetokea, na hao wawili kila wakijaribu kujibu wanatazamana wanaanguka tena kwa kicheko. Wakaletwa hapa.

Nimeulizwa kama mume wangu anataka kushtaki. Nimemwona nilipopita korido. Ameketi sakafuni, yeye na goti lake, amejiegemeza kwenye mlango wa mahabusu, na binti yuko upande wa ndani amejiegemeza kwenye mlango huo huo. Wanabishana. Tangu nimeanza kueleza hapa ninawasikia kupitia dirisha hili, na hata wewe afande umeacha kuandika mara mbili ukasikiliza. Binti anamwambia anajaza upepo mwingi mno, ndiyo maana tairi limeanza kulika katikati. Mzee anamwambia upepo ni kwa sababu ya uzito wa mama yako. Hilo nitashughulika nalo nyumbani. Sasa hivi nimemsikia anakubali kwamba ya mikokoteni na matoroli yatamtosha kisu chake, ila kwa sharti binti amwachie achonge maua kwenye kibao cha duka. Binti amesema atafikiria. Hajafikiria lolote, ameshakubali, namjua kwa sauti.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Binti hakutenda kosa la kumjeruhi baba yake, na naomba aachiwe bila mashtaka. Ila naomba asiachiwe sasa hivi. Nyumbani kuna watu wa kuingia na kutoka, sokoni kuna wateja, na hao wawili wakitoka hapa kila mmoja atakimbilia kazi yake. Humu ndani hawana pa kwenda. Wana mwaka mzima wa maneno mdomoni na wamefika tu kwenye upepo. Kama sheria inaruhusu, waacheni kidogo.

Nimesema haya kwa hiari yangu, na yaliyo hapa ni yale niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nina furaha sana leo na sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi) Mama Pindo

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo yake na ameyakubali. Aliomba neno "mkaidi" liandikwe kila panapotajwa mume wake, sikuandika. Pikipiki zote mbili zimekaguliwa. Ile ya binti haina alama ya kugonga mtu. Ile ya baba ina maua. Baba amesema hana shitaka na hakumbuki kama aliwahi kuwa nalo. Mkuu wa kituo ameagiza binti aachiwe mara moja.

Agizo lilipokelewa saa tisa na robo. Binti aliachiwa saa kumi na moja kasoro robo, kwa kuwa ufunguo wa mahabusu ulichelewa kuonekana. Ulikuwa mfukoni mwangu.